Nasaha za Ghazali juu ya Ulimi

Ndugu yangu, ukitaka kumwonya mtu juu ya ulimi wake, usianze kwa kumwita msengenyaji. Atakataa, tena ataapa. Mfanye kwanza ayasikie maneno yake mwenyewe. Hiyo ndiyo njia ya Imamu Abu Hamid al-Ghazali katika kitabu chake, Ihya Ulum al-Din. Mwaka 1095, akiwa mwalimu mkuu katika Madrasa ya Nizamiyya, Baghdad, alishikwa na dhiki ya moyo hata ulimi ukafungika, akashindwa kusomesha, akaondoka. Ndiye aliyekuja kutuhesabia maafa 20 ya ulimi.

Katika mlango wa usengenyaji hamleti mhuni wa sokoni. Anamleta mcha Mungu. Huyo, akitajiwa fulani, humshukuru Mungu kwa kutomjaalia kwenda kujikomba kwa watawala, na waliokaa wote wanajua ni nani aliyekwenda. Hapo, asema Ghazali, amekusanya mabaya mawili: kusengenya na kujionyesha. Msomaji anayejiona mwema anashtuka, kwani sauti ile ni yake.

Basi, kwanza, ipime huruma yako. Ukisema, "Maskini fulani, namsikitikia kwa yaliyomfika," huku ukiyataja yaliyomfika, umemwanika. Aliyetaka kumwombea angemwombea faraghani.

Pili, usidhani kwamba kwa kuwa hukusema wewe, umesalimika. Anayesikiliza na kuonyesha mshangao ili msemaji aendelee ni mshirika wake. Na anayemwiga mlemavu anavyochechemea amesengenya, hata kama hakutamka neno.

Tatu, akikujia mtu na maneno ya fulani, una wajibu sita: usimsadiki, mkataze, mchukie kwa ajili ya Mungu, usimdhanie vibaya asiyekuwapo, usipeleleze, wala usiyasimulie uliyoletewa. Huu wa mwisho ndio unaotushinda wengi. Tunamfukuza mfitini mlangoni, kisha tunakwenda kwa jirani kueleza alivyotuletea fitina, nasi tumekuwa wafitini.

Nne, usiuite woga wako sitara. Imamu huyohuyo ameruhusu kutaja aibu ya mtu mahali maalumu, kama vile: aliyedhulumiwa akishtaki kwa hakimu, anayetafuta msaada wa kuondoa uovu, anayeuliza fatwa, na anayemwonya mwenzake na madhara. Binti akiposwa na mtu unayemjua kuwa ni katili, na wazazi wake wakaja kukuuliza, sema unalolijua, tena useme kwa kadiri ya haja. Kunyamaza hapo ni kumdhulumu binti wa watu.

Kwa hiyo, kabla ya kumtaja asiyekuwapo, uliza neno lako litamfaa nani. Likimwokoa mtu, liseme. Likiwa halina faida ila kukuonyesha wewe kuwa bora kuliko yeye, limeze.