Tunapolipia Daraja, Tunanunua Nini?



Neno ninalotaka tulifikiri pamoja mwezi huu linaanzia safarini, lakini mwisho wake ni jirani. Katika viwanja vikubwa vya ndege kipo chumba ambacho wengi wetu hatujakiona. Wenyewe hukiita launji. Ni chumba cha mapumziko kilichotengwa na ukumbi wa kungojea. Kina viti laini, chakula, chai na vinywaji vingine, magazeti, na zaidi ya yote kina kimya. Aingiaye humo ni yule aliyekata tiketi ya daraja la biashara, au aliyesafiri na shirika lile mara nyingi hata akapewa kadi, au aliyelipa fedha mlangoni. Wengine wote hungoja ukumbini. Je, Mkristo akiketi katika chumba hicho anatenda kosa? Na kama si kosa, mbona dhamiri ya mtu huweza kumsumbua pale mlangoni?

Msidhani kwamba jambo hili ni la wakubwa wa Dar es Salaam peke yao. Siku hizi mtu wa Kalemela hupanda basi asubuhi kwenda Mwanza, na jioni yake akalala Dar es Salaam kwa ndege. Ndege za aina ya Airbus A220, ambazo Shirika la Ndege la Tanzania lilianza kuzipokea Desemba 2018, zina viti 132: viti 12 vya daraja la biashara na viti 120 vya kawaida. Yaani kwa kila mtu mmoja aliyeketi mbele ya pazia, kumi wako nyuma yake. Watoto wetu wanaofanya kazi mbali hutukatia tiketi, na mara nyingine tiketi hiyo huwa ya mbele. Tena, kama nitakavyoonyesha, chumba hicho kimekwisha kufika vijijini kwetu bila ya ndege.

Kwanza tukumbuke kwamba madaraja si mambo mapya. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Katika siku za ukoloni, kwa desturi ya reli zetu, Mzungu alikaa daraja la kwanza, Mhindi la pili, na Mwafrika la tatu. Baada ya Uhuru rangi iliondolewa mlangoni, fedha ikabaki. Hatua hiyo ilikuwa njema, maana rangi mtu hawezi kuinunua, lakini tiketi aweza akijaliwa. Hata hivyo tusiseme kwamba mlango umekuwa wa haki kwa sababu tu umeacha kuuliza rangi na sasa unauliza fedha.

Habari za ndege nazo zatufundisha. Shirika la American Airlines lilifungua chumba chake cha kwanza cha namna hii mwaka 1939, katika kiwanja cha LaGuardia, New York. Hapo mwanzo watu hawakununua nafasi humo. Walialikwa, kwa kuwa walikuwa wateja wakubwa au watu wenye majina. Daraja la biashara lenyewe lilikuja baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1970. Wakati ule nauli za bei nafuu zilikuwa zimewaleta watalii wengi ndani ya ndege, na wasafiri wa kikazi, waliolipa nauli kamili, hawakupenda kuchanganywa nao. Mashirika yakawatengea sehemu yao. Angalieni jambo hili: katika siku zile za kwanza viti vya sehemu hiyo, katika baadhi ya ndege, vilikuwa karibu sawa na vile vya nyuma. Kilichouzwa hasa kilikuwa umbali.

Hapo ndipo penye swali letu. Mtu anapolipia daraja, mambo mawili yamefungwa katika kifurushi kimoja: raha na utengano. Yatupasa tukifungue kifurushi hicho na kutazama kila kimoja peke yake.

Raha si dhambi. Bwana wetu mwenyewe alilala juu ya mto katika chombo kule ziwani, na alikubali kupakwa marhamu ya thamani kubwa. Mama mzee mwenye miguu inayovimba, daktari atakayepasua mgonjwa mara ashukapo, mtu aliyesafiri usiku kucha akienda kuzika, hao wote wanastahili kiti kizuri. Tena tuwe wakweli: anayelipa nauli kubwa husaidia kulipia safari ya ndege ile ile inayowachukua wenye nauli ndogo. Sitaki mtu asome makala hii akadhani kwamba umaskini ni utakatifu na kwamba benchi gumu linampeleka mtu mbinguni.

Mimi nimewahi kuingia katika chumba cha namna hiyo mara moja, kwa tiketi niliyokatiwa na mwanangu. Chai ilikuwa nzuri na kiti kilinifaa mgongo. Lakini katika saa mbili nilizokaa humo sikusikia mtu akimsalimu mwenzake. Tulikuwa wengi, kila mmoja na meza yake ndogo na simu yake. Kijana aliyekuja kuondoa vikombe aliniambia, “Shikamoo, mzee,” nami nikamjibu, “Marahaba, mwanangu, habari za kazi?” Watu kadhaa waliinua vichwa, kana kwamba kuna kitu kimeanguka. Kumbe ukumbini, nilikopita kabla ya kuingia, dada mmoja alikuwa amempakata mtoto wa mtu asiyemjua ili mama yake ashughulikie mizigo, na mzee mmoja alikuwa akigawa karanga. Wale walikuwa wamechoka kuliko sisi, lakini walikuwa pamoja. Sisi Wasukuma ambao hatuwezi kupishana njiani bila “mwangaluka” na habari za nyumbani, tunajua thamani ya kitu hicho.

Sasa tutazame utengano. Mwaka 1849 mhandisi mmoja Mfaransa, Jules Dupuit, alieleza jambo lililowashangaza wengi. Katika reli za siku zile yalikuwapo mabehewa ya daraja la tatu yasiyo na paa, na mabenchi yake yalikuwa ya mbao tupu. Watu walidhani kampuni zinapunguza gharama. Dupuit akasema sivyo, kwani paa si ghali hata kidogo. Paa liliachwa makusudi, ili yule awezaye kulipa daraja la pili asithubutu kupanda la tatu. Maskini alinyeshewa mvua ingawa hakuna aliyemchukia. Alinyeshewa ili mwenye nafasi aogope na kulipa zaidi. Uingereza ilikuwa imekwisha kulitazama jambo hilo kwa sheria. Mwaka 1844 Bunge lao liliziamuru kampuni mpya za reli ziendeshe angalau treni moja kila siku yenye viti na kinga ya mvua kwa abiria wa daraja la tatu, kwa nauli isiyozidi peni moja kwa maili.

Mfano huo watupa kipimo. Kila mtu ajiulize hivi: kama kesho ukumbi wa nje ungepewa viti vizuri, chai na maji safi, bila malipo ya ziada, je, mimi niliyelipa ningefurahi au ningeona nimeibiwa? Ukifurahi, basi ulichonunua ni kiti. Ukinung’unika, ulichonunua ni umbali. Ulilipa ili mwenzako akose. Bwana wetu alilijua jambo hili aliposimulia habari za wafanyakazi wa shamba la mizabibu, katika Mathayo sura ya 20. Wale wa asubuhi hawakupunjwa hata senti moja. Walipata dinari waliyoahidiwa. Uchungu wao ulikuwa kwamba wa jioni nao walipata dinari.

Madhara mengine ya utengano ni kutoona. Mtu aliyezoea chumba chake hajui tena kwamba bomba la ukumbini halitoi maji. Na kwa kuwa yeye ndiye mwenye sauti, ndiye anayejua kuandika barua na kumpigia mkubwa simu, ukumbi hupoteza mtetezi. Mambo ndivyo yalivyo hata katika zahanati na shule. Wenye uwezo wakiondoka wote kwenda kwingine, waliobaki huugulia kimya kimya.

Sisi wa kandokando ya Ziwa tuna somo kubwa la jambo hili. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyojengwa kuchukua abiria 430, ilizama karibu na Mwanza ikiwa imejaa kupita kiasi. Mamia ya ndugu zetu walikufa, na wengi wamezikwa Igoma. Baadaye ilielezwa kwamba abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha, lakini wa daraja la tatu hawakuwa nayo. Ziwa halikuuliza daraja la mtu, lakini daftari liliuliza. Hata leo hesabu kamili ya waliokufa inabishaniwa. Tazameni mwisho wa kutengana unavyoweza kuwa: tunaanza kwa kutoketi pamoja, na tunafikia mahali ambapo mwenzetu hahesabiwi.

Je, Kanisa limekuwa safi katika hili? Hapana. Mtume Paulo, katika sura ya 11 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, aliwakemea watu ambao kwenye meza ya Bwana mmoja alishiba na kulewa, na mwenzake akakaa na njaa. Wapo wataalamu wanaodhani kwamba nyumba za matajiri wa siku hizo zilichangia jambo hilo, maana chumba cha kulia kilikuwa na nafasi ya watu wapatao tisa, na wengine walibaki uani. Yakobo naye, sura ya 2, anaeleza habari za mtu mwenye pete ya dhahabu anayepewa kiti kizuri, na maskini anayeambiwa asimame kando au aketi chini. Na sisi Waanglikana tusiwacheke Wakorintho. Katika Uingereza, kwa miaka mingi, mabenchi ya kanisani yalikodishwa. Mengine yalikuwa na milango na kufuli, na watu maskini walibakiwa na viti vya bure, mara nyingi nyuma au pembeni. Chama kilichoanzishwa mwaka 1818 kusaidia ujenzi wa makanisa kilidai viti vya bure viongezwe. Ilichukua miaka mingi desturi ile kufa.

Haya, na kwetu? Nimesema kwamba chumba hicho kimekwisha fika bila ya ndege. Tazameni harambee na arusi zetu. Mbele kuna viti vya kochi, vitambaa vyeupe, chupa za maji na soda. Huko wanaketishwa wageni kutoka mjini na wale wanaotarajiwa kutoa kikubwa. Bibi kizee aliyetembea tangu alfajiri na mayai yake sita kwa ajili ya mnada wa sadaka husimama chini ya mti. Hatukumkataza kuketi, lakini hakuna aliyemletea kiti. Na ile sufuria ya pilau yenye nyama hupita upande mmoja tu.

Sisemi tusiwaheshimu wageni. Heshima ya mgeni ni ya mababu zetu. Lakini hata kwenye shikome, pale wazee walipowafundisha vijana jioni, mzee alipata heshima yake na mtoto akajua mahali pake, ila moto ulikuwa mmoja na wote waliuota.

Kwa hiyo naomba tufikiri juu ya mambo matatu. Kwanza, viti laini vya parokia viwe vya wenye haja: wazee, wagonjwa, mama wajawazito na wenye watoto wachanga, baada yao, mgeni. Mgeni mwenye akili hatachukia, bali atajifunza. Pili, chakula kitoke katika sufuria moja. Kikiwa kichache, kiwe kichache kwa wote. Tatu, yule aliyejaliwa nafasi ya mbele, katika ndege au mahali popote, aketi kwa shukrani, lakini asiache kupita ukumbini, kusalimu, kutazama bomba, na kusema kwa niaba ya wasiosikilizwa. Kiti chake kiwe deni, kisiwe ukuta.

Jumapili tunapopiga magoti mbele ya meza ya Bwana, hakuna anayeuliza tiketi. Mwenye duka hupiga magoti kando ya mchunga ng’ombe, na kikombe kinachogusa midomo ya huyu ndicho kinachogusa midomo ya yule. Hapo twajaribiwa kila juma kama kweli tunafurahi kwamba jirani amepewa kile kile tulichopewa sisi. Mungu atujalie furaha hiyo, tutoke nayo nje ya mlango wa kanisa.