Ibrahimu Alipanda Mti Katika Nchi ya Ugeni

Somo: Mwanzo 21:22–34, Yeremia 29:4–10



Tunawasalimu ninyi nyote mlioko Katwe, Nsambya, Makindye na Masajja, pamoja na jamaa zetu wa Nakivale na Kyangwali wanaosoma karatasi hii.

Wengi mnajua habari ya miche yetu. Mwezi wa tatu, mvua zilipoanza, vijana walipanda miparachichi minne na miembe miwili katika ua tunaposalia. Baada ya miezi mitatu mwenye kiwanja alikuja na mafundi, akaing'oa yote ili ajenge vyumba vya kupangisha. Mama mmoja mzee alisema, "Kule nyumbani tuliacha shamba zima. Hapa hata mche mmoja umetushinda." Wengine wakaapa kwamba hawatapanda tena kitu Uganda. Wanangoja tu simu ya kwenda Marekani au Kanada.

Basi tumtazame Ibrahimu. Yeye naye alikuwa mgeni. Maandiko yanatuambia kwamba alipanda mti kule Beer-sheba, akaliitia jina la Bwana mahali pale, kisha akaishi siku nyingi katika nchi ya Wafilisti. Lakini angalieni jambo lililotangulia. Kulikuwa na ugomvi wa kisima, kwa maana watumishi wa Abimeleki walikuwa wamekinyang'anya. Ibrahimu hakunyamaza wala hakuchukua silaha. Alimweleza mfalme neno lake, akatenga kondoo saba wawe ushahidi, na wote wawili wakaapa. Agano lilikuja kwanza, ndipo mti ukapandwa.

Sisi tulianza na mti, tukasahau agano. Tulidhani kwamba jambo likiwa jema halihitaji ruhusa. Hatusemi ilikuwa vema kung'oa miche bila kutuambia. Tunasema tukiri sehemu yetu.

Lakini swali bado liko: kwa nini tupande miti katika mji usio wetu? Watu wa Yuda waliopelekwa Babeli nao walikuwa katika mji usio wao. Kupitia Yeremia, Mungu aliwaagiza wapande bustani, wale matunda yake, na kuuombea mji ule amani. Aliwaambia pia kwamba miaka 70 itapita. Maana yake wengi waliopanda hawakurudi. Walipanda kwa ajili ya watoto.

Tena amani ya mji ni amani yetu. Kampala ni mji wa vilima, na sisi tunapanga mabondeni, kwa sababu ndiko kodi ni nafuu. Mvua ikipiga juu ya mabati na udongo mtupu, maji hayana wa kuyazuia. Yanashuka kwa nguvu mpaka kwenye mfereji wa Nakivubo na milangoni mwetu. Mti hupunguza mbio za maji, mizizi hushika udongo, na kivuli hupoza chumba cha mabati.

Wenyeji wetu wanajua thamani hiyo. Mwaka 2007 watu waliandamana hapa Kampala kupinga sehemu ya msitu wa Mabira kutolewa kwa ajili ya miwa. Ghasia zikatokea na watu wakafa. Tusiseme basi kwamba miti ni jambo dogo. Nasi tujihoji: kila gunia la makaa tunalopikia lilikuwa mti. Ninyi wa Goma mnakumbuka jinsi misitu ya Virunga ilivyokatwa kuzunguka kambi za mwaka 1994. Mkimbizi aweza kuacha jangwa nyuma yake, aweza pia kuacha kivuli.

Kwa hiyo wazee walikwenda kwa mwenye kiwanja. Wakaomba radhi, naye akaomba radhi. Ametupa ukanda wa nyuma, kando ya mfereji, na tumeandikiana mbele ya mwenyekiti wa LC. Akiuza kiwanja, miti ni yake. Tumekubali hivyo kwa moyo mweupe.

Tutapanda mvua za mwezi wa tisa zikianza. Kila nyumba ilete jerikeni moja na jembe, kama lipo. Mashimo yawe mapana, mbali na ukuta na nyaya za umeme. Tutoe mfuko wa plastiki kabla ya kufukia mche, na majani makavu ya kufunika udongo yasiguse shina. Kila mche utakuwa na familia ya kuumwagilia wakati wa kiangazi.

Labda matunda yatakapoiva wengine wetu watakuwa Kanada, wengine Bukavu, wengine mbinguni. Watoto wa mtaa watakula. Na wakiuliza ni nani aliyepanda, waambiwe: ni wageni waliomwabudu Mungu hapa.

Bwana awabariki na kuwalinda. Amina.