Sururu na Kiwanja cha Gofu

Je, ni haki kumpa mwenye njaa sururu akatengeneze mahali pa kuchezea mwenye shibe? Swali hili limenikaa moyoni tangu niliposoma habari za kiwanja cha gofu cha George Wright, mali ya jiji la Boston, Marekani. Awali eneo hilo lilikusudiwa kuwa klabu ya watu binafsi. Uchumi ulipoporomoka, mipango ikavunjika na jiji likalichukua. Ndipo vibarua wa WPA, idara iliyoundwa mwaka 1935 kuwapa kazi wasio na ajira, wakafuata mchoro wa Donald Ross: wakalipua miamba kwa baruti, wakajaza udongo penye tope, wakalaza mabomba ya kutolea maji. Kikafunguliwa 1938.

Wako waliowabeza watu wa WPA, ati kazi yao ni kuegemea makoleo. La hasha! Aliyepasua mwamba hakuegemea kitu. Tena posho ya bure hushibisha tumbo, lakini humwacha baba akiona haya mbele ya wanawe. Ujira haumfanyii hivyo.

Mashaka yangu yako kwingine. Mbona gofu, si nyumba? WPA ilijenga shule na barabara pia, kweli, ila siku zilizotumika pale hazikutumika kwingine. Kinachonituliza kidogo ni lango: palipokusudiwa wachache, yeyote mwenye ada huingia. Na ada hiyo, ndugu msomaji, mjukuu wa kibarua anaimudu? Ningefika pale, ningeuliza bei kwanza, ndipo nitazame majani.