Kweli Inayopotosha

Mwezi Mei 2025 baadhi ya vichwa vya habari vilitangaza kwamba Chuo Kikuu cha Harvard kimegundua kuwa kinamiliki Magna Carta halisi. Aliyeishia kwenye kichwa alijichorea picha moja: mwaka 1215, Mfalme John wa Uingereza akibanwa na makabaila wake hadi akubali kwamba hata mfalme yuko chini ya sheria.

Hati ya Harvard si hiyo. Ilitolewa mwaka 1300 na mjukuu wake, Edward wa Kwanza, alipouthibitisha upya mkataba huo. Kifungu kilichowapa makabaila 25 uwezo wa kumdhibiti mfalme kilikuwa kimeondolewa tangu toleo la 1216. Hata hivyo neno "halisi" halikuwa uongo. Cheti kilichotolewa upya na mamlaka yake ni cheti halisi, ingawa si kile cha kwanza.

Harvard iliinunua mwaka 1946 kwa dola 27.50, na maktaba ikaiorodhesha kuwa nakala ya mwaka 1327. Kosa hilo lilidumu karibu miaka 80, hadi Profesa David Carpenter wa King's College London alipoziona picha zake mtandaoni. Yeye na Profesa Nicholas Vincent waliyalinganisha maneno yake na ya hati nyingine sita za mwaka 1300. Yakaoana.

Nani basi alitukosea zaidi? Maktaba iliandika jambo lisilo kweli, lakini iliandika tarehe, na tarehe hupimwa ikakanushwa. Kichwa cha habari kilisema kweli, kikatuachia sisi kazi ya kujaza uongo. Ukikishtaki, kitashinda kesi.

Utasema msomaji angesoma habari yote, kwa kuwa mwaka 1300 ulitajwa humo. Ni haki. Lakini muuza nyanya anayepanga nzuri juu ya fungu naye hajatamka uongo wowote, na mnunuzi angeweza kupekua. Bado tunajua kilichotendeka. Anayejua utaelewa nini, akachagua neno kwa sababu hiyohiyo, hawezi kujificha nyuma ya usahihi wa neno. Deni la ukweli hulipwa kwa kile msikilizaji anachoondoka nacho.

Na hapa deni lenyewe lilikuwa dogo: tarakimu nne tu, 1300.