Picha ya Gari na Haki ya Mtazamaji

Mtu anayetaka kuuza gari lake siku hizi huanza kwa kulipiga picha. Huliosha, hungoja jua lipoe, kisha huzitengeneza picha zile katika simu: rangi huongezwa mng'ao, nguzo ya umeme iliyo nyuma hufutwa, na pengine mkwaruzo wa mlangoni nao hutoweka. Nami nauliza: katika hayo yote, uongo unaanzia wapi?

Wako wasemao kuwa uongo huanza pale tu picha inapoguswa. Sikubaliani nao. Kamera haioni kama jicho lionavyo. Jua kali la saa sita hulifanya gari jeusi lionekane kama kipande cha mkaa. Anayerekebisha mwangaza ili rangi ionekane kama ilivyo anamsaidia mtazamaji kuona kile ambacho angekiona kama angekuwapo. Mafundi wa studio za zamani walipitisha penseli juu ya negativu ili kulainisha nyuso za wateja, wala hatukuwaita matapeli.

Kwa upande mwingine, picha isiyoguswa kabisa yaweza kudanganya. Lipige picha gari upande wa kulia tu, hali upande wa kushoto umebonyea na kushika kutu. Hujabadili kitu, na bado umedanganya.

Basi kosa haliko katika kugusa wala kutogusa. Liko katika kile anachonyimwa mwenzako. Watu wengi wa Tanzania na Kenya hununua magari yaliyotumika kutoka Japani kwa kutazama picha tu. Hulipa, kisha husubiri meli itie nanga Dar es Salaam au Mombasa. Mnunuzi wa namna hiyo huenda ameuza kiwanja au amekopa, na macho yake yote ni ile picha. Anayefuta kutu katika picha hafuti doa peke yake. Anafuta shauri ambalo mwenzake angelikata: kupunguza bei, kutafuta gari jingine, au kununua hivyo hivyo akijua. Amemwamulia, kisha akamwachia hasara.

Atasema mtu kwamba biashara ndivyo ilivyo, na mnunuzi ajihadhari mwenyewe. Lakini tahadhari yahitaji kitu cha kuangalia. Wahenga walipotuonya juu ya uzuri wa mkakasi, ambao ndani ni kipande cha mti, walimdhani mtu anayeweza kuufungua mkakasi akatazama. Aliye ng'ambo ya bahari hawezi kuufungua.

Kwa hiyo nimejiwekea kipimo kimoja: je, ningeitengeneza picha hii hivi hivi kama mnunuzi angekuwa amesimama nyuma yangu akitazama? Mwangaza ningeurekebisha bila haya, na nguzo ya umeme ningeifuta tukicheka pamoja. Kwenye ule mkwaruzo, mkono ungesita. Kusita huko ndiko kunakonionyesha mpaka ulipo.

Na picha ya kutundika sebuleni kwako? Ing'arishe upendavyo, hata gari likae kama limetoka kiwandani jana, humdhulumu mtu. Ila siku utakapomwonyesha mnunuzi picha hiyo hiyo, haitakuwa tena pambo la ukutani. Itakuwa neno lako kwake.