Mwanangu, soma na kitu kingine

Mwanangu, nimefurahi kusikia umechaguliwa kusoma shahada ya uandishi wa habari. Vuta kiti, chai bado ya moto. Najua una haraka. Umeshaanza kuhesabu miaka mitatu itaisha lini ili sauti yako isikike redioni. Pengine nyumbani wamekuuliza kama kazi hiyo ina mkate. Nami nina langu la kukwambia, na ningependa ulisikie kabla hujafungua daftari la kwanza.

Sisi wengi tuliingia chumba cha habari na cheti cha sekondari, tukafundishwa kazi na wakubwa waliotukuta mlangoni. Chuo cha Uandishi wa Habari Tanzania kilianza mwaka 1975, na mwaka 2003 kikaingizwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kule Mwanza, Nyegezi, chuo cha Kanisa kilichokuwa kikifundisha kazi hii tangu zamani kikakua kikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino. Kisha ikaja Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, na kanuni zake zikaweka stashahada kuwa kiwango cha chini. Kwa hiyo kasome, mwanangu. Asikudanganye mtu kwamba kipaji kinatosha.

Lakini sehemu kubwa ya masomo hayo inahusu namna ya kuandika. Utajifunza aya ya kwanza ibebe nini, kamera ishikwe vipi, sheria ya kashfa inasemaje, maadili yanataka nini. Yote hayo utayahitaji. Ila jambo lenyewe unalokwenda kuliandikia, hesabu za halmashauri, bei ya pamba, kipindupindu kilichozuka kijijini, unaweza kukutana nalo siku ya kwanza kazini hulijui kabisa.

Nilipokuwa mhariri, kijana mmoja hodari aliniletea habari nzito. Alikuwa ametoka chuo na matokeo mazuri. Habari ilisema halmashauri fulani imetumia mamilioni kujenga zahanati ambayo haipo. Ilifaa kabisa ukurasa wa kwanza, na magazeti yalikuwa yanakaribia kwenda mtamboni. Nikamwomba anionyeshe karatasi zake. Akazitoa kwenye begi, zimekunjwa. Tukazinyoosha mezani. Palikuwa na safu tatu za tarakimu. Ya kwanza ilikuwa ya fedha zilizoidhinishwa, ya pili ya fedha zilizopokelewa, ya tatu ya fedha zilizotumika. Yeye alikuwa amesoma ya kwanza tu. Kwenye safu ya pili, mbele ya jina la zahanati ile, palikuwa na sifuri.

Fedha hazikuwahi kufika. Hapakuwa na cha kuiba. Ukweli wenyewe ulikuwa na uzito wake, maana kina mama walikuwa wameahidiwa zahanati na hakuna aliyewaambia kwa nini haijengwi. Lakini tungechapa kama ilivyokuja, mtu mmoja angeamka asubuhi anaitwa mwizi mbele ya watoto wake. Tukaitoa ile habari, tukaweka nyingine. Kijana alirudi wiki ile ile akaiandika upya, safari hii akiuliza fedha zilikwama wapi.

Hakuwa mvivu, mwanangu. Kwa miaka yote aliyokaa darasani, hakuna aliyewahi kumkalisha akamwonyesha bajeti ya halmashauri inavyosomwa. Hilo linaniuma mpaka leo, maana wanaokwenda wilayani hivyo ni wengi.

Chukua ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Katiba, ibara ya 143, inaitaka kila mwaka, na hufikishwa bungeni ikawa mali ya kila mwananchi. Vitabu vyake ni vinene. Waandishi wengi hungoja kuhadithiwa, kisha wanaandika kwamba halmashauri imepata hati safi, kana kwamba hakuna shilingi iliyopotea. Hati hiyo inasema kwamba hesabu, kwa mambo yaliyo muhimu, zimeandaliwa inavyotakiwa. Kurasa chache mbele, kitabu kile kile kinaweza kutaja malipo yasiyo na risiti, na mikopo ya vijana isiyorejeshwa. Mwandishi anayejua hilo hufungua kurasa hizo. Asiyejua huandika sifa.

Kwa hiyo, unapochagua kozi za hiari, usikimbilie zile ambazo wenzako wanasema ni nyepesi. Chukua takwimu. Chukua uhasibu, au sheria, au kilimo, au afya ya jamii. Chagua kitu kimoja ukae nacho. Utachoka nacho mwanzoni, maana hakina kamera wala makofi, na rafiki zako watakuwa wanatengeneza vipindi. Vumilia. Mwaka wa tatu utakapofika, utajikuta unasoma karatasi ambayo wao wanaipita.

Na Kiswahili chako, mwanangu. Hili naliweka mezani kwa moyo mzito. Chuo kikuu utafundishwa kwa Kiingereza, mtihani kwa Kiingereza, tasnifu kwa Kiingereza. Kisha utaajiriwa na Mwananchi, au Nipashe, au HabariLeo, ama redio ya mkoani, umwandikie mama muuza vitumbua. Nimehariri habari nyingi ambazo maneno yake yalikuwa ya Kiswahili na mpangilio wake wa kigeni. Nilikuwa nazisoma kwa sauti, nakwama. Basi msome Shaaban Robert. Msome Adam Shafi. Panda daladala usiweke vitu masikioni, usikilize watu wanavyosimulia. Habari yako ukishaiandika, msomee mtu ambaye hakwenda chuo. Akikunja uso, irudie.

Kuhusu mkate, sitakuficha. Waandishi wengi wa mikoani hulipwa kwa habari iliyotoka, na malipo ni madogo. Ndiyo maana bahasha ina nguvu. Utaitwa kwenye semina, mwisho wake utapewa "nauli" inayozidi nauli. Amua mapema, ungali mwanafunzi, maana ukingoja mpaka uwe na kodi ya nyumba ya kulipa, uamuzi utakuwa mgumu mara kumi.

Na ipo hofu ya mzazi. Azory Gwanda alikuwa akiandika habari za mauaji ya Kibiti. Alitoweka Novemba 2017, na hatujamwona tena. Daudi Mwangosi aliuawa akiwa kazini, kijiji cha Nyololo, Septemba 2012. Sikutajii majina haya ili uogope ukaache. Nataka uyajue, na ujue kwamba mhariri wako anapaswa kujua uliko kila unapokwenda. Kama hataki kujua, tafuta mwingine.

Wakati wa mafunzo kwa vitendo ukifika, wengi watagombania vituo vikubwa vya Dar es Salaam. Huko mara nyingi utatumwa kwenye hafla za hotelini. Wewe omba mkoani. Ukifika, nenda Mahakama ya Mwanzo asubuhi, ukae benchi la nyuma. Kesi zinaendeshwa kwa Kiswahili, na mlango uko wazi kwa watu wote. Andika majina yote matatu ya mshtakiwa, umwombe karani ayahakiki. Andika shitaka lilivyosomwa, na mshtakiwa alivyojibu. Usiandike kwamba ameiba. Andika kwamba anashitakiwa kwa wizi, na uifuatilie kesi hiyo mpaka hukumu itoke, hata kama mafunzo yatakuwa yameisha na itabidi umpigie karani simu kutoka chuoni. Akiachiwa huru, hakikisha gazeti lililotangaza shitaka linatangaza na hilo.