Aliyekula na Aliyelishwa: Kitenzi "Kula" na Suala la Dhima

Kiingereza huzalisha maana kwa kuambatanisha kijineno na kitenzi: "take in" yaweza kuwa kumpa mgeni hifadhi au kumlaghai. Kiswahili aghalabu hupita njia nyingine. Kitenzi "kula" hugeuka kwa nomino inayokifuata: aliyekula chumvi nyingi hustahiki heshima, aliyekula hasara hupewa pole, mla rushwa hulaumiwa. Makala haya yanadai kwamba uzito wa kimaadili wa kitenzi hiki haumo katika nomino peke yake, bali pia katika mnyambuliko wake.

Tutazame kiapo. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, kituo cha polisi cha Likoni kilishambuliwa na polisi sita wakauawa. Katika siku zilizofuata, wakazi wenye asili ya bara waliuawa na wengine wengi wakafukuzwa makwao. Tume ya Jaji Akiwumi, iliyoundwa mwaka 1998, ilisikia habari za vijana waliokusanywa katika msitu wa Kaya Bombo, Kwale, wakafunzwa vita na kulishwa kiapo. Msemaji wa Diani au Msambweni hatakosa kuhisi tofauti iliyopo kati ya "alikula kiapo" na "alilishwa kiapo". Anayekula amenyoosha mkono wake mwenyewe. Anayelishwa ni mtoto mchanga, mgonjwa au mfungwa.

Je, mnyambuliko huu unamwondolea kijana dhima? La hasha. Aliyelishwa alikuwa na kinywa, na panga lilishikwa kwa mkono wake. Hata hivyo, "kulishwa" huzua swali ambalo "kula" halizui: na nani? Sarufi haitulazimishi kulijibu. Ndivyo isemwavyo pia kuhusu ardhi ya pwani: "imeliwa". Sentensi imekamilika, na mlaji hayumo.

Msomaji makini atakuwa amegundua kwamba nami nimeandika "kilishambuliwa", "wakauawa", "wakafukuzwa". Nimefuata desturi ya uandishi wa kitaaluma, na desturi hiyo imewasitiri watenda. Lugha yenyewe haina hatia hapa, kwani imetuwekea "na" ya mtenda. Sisi ndio tunaoiacha wazi. Uhakiki unaoishia kwenye kuorodhesha maana za kitenzi haujatimiza wajibu wake. Kijana wa Kaya Bombo hana budi kujibu kwa alichokimeza. Aliyemlisha naye anastahiki kurejeshwa katika sentensi, kwa jina lake.